Maksai Aliyeitwa Diwani

Nakumbuka siku moja ya mwanzo wa mvua kule Bisibo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananiuliza, bibi una nini? Leo nakusimulia wewe, maana nimesikia umepewa mlezi na unasita kwenda.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Mimi ni mzaliwa wa Murusagamba, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Watu walivuka na magodoro vichwani na watoto migongoni, na kambi ya Lukole ikawa kubwa kuliko mji wowote tulioujua. Watu walipojaa, soko nalo likajaa, na sisi vijana tukaacha shule tukafuata soko. Nilibeba ndizi nikauza, nikanunua sabuni nikauza. Wenzangu wengine walizama kwenye pombe. Wengine wakaingia kwenye magenge ya kuteka magari njiani, na wapo niliosoma nao darasa moja ambao hawakurudi nyumbani tena. Mama akaingiwa na hofu. Akanipakia kwenye lori la mahindi, akanipeleka kwa shangazi yangu Bisibo, wilaya ya Biharamulo.

Na Bisibo nikafanya nini? Nikakaa njia panda na wasichana na wavulana wengine wasio na kazi, tunahesabu magari na kusengenya wapita njia. Basi siku moja mwenyekiti wa kijiji akatangaza mkutanoni kwamba serikali imetoa fedha kupitia halmashauri, za kuwasaidia vijana walioacha shule wasipotee. Zitanunua vifaa, na mtu mzima wa kutulea atapewa posho ndogo. Shangazi akaandikisha jina langu bila hata kuniuliza.

Mlezi tuliyepewa alikuwa Mama Nkwimba, mjane wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na mifugo yake. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliye kilima cha pili. Mume wake alipofariki, alishika jembe la kukokotwa mwenyewe, na wanaume wa pale waliacha kumshangaa baada ya kuona mavuno yake. Kihangaza changu yeye hakukijua, Kisukuma chake mimi sikukijua, tukakutana kwenye Kiswahili cha shule.

Fedha za serikali zikanunua jembe la kukokotwa na maksai wawili wachanga wasiojua nira. Wala sisi hatukuijua. Tulifundishwa pamoja, sisi na maksai, na sijui nani alitangulia kuelewa. Mmoja alikuwa mweusi, tukamwita Kahawa. Yule mwekundu alipenda kutangulia, akisimama hakuna wa kumwondoa, na akianza kulia kijiji kizima lazima kisikilize. Mama Nkwimba alimtazama siku ya kwanza, akasema, "Huyu ni Diwani." Jina likamganda. Akawa hageuki mpaka aitwe kwa jina hilo, tena kwa nguvu.

Mwanangu, sikuwa nimewahi kucheka hivyo tangu niondoke kwetu. Tuliburutwa, tuliangushwa kwenye matope, tukainuka. Alfajiri tulimkuta Mama Nkwimba ameshafunga nira, anatungoja. "Shikamoo mama." "Marahaba. Shika jembe." Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi yetu.

Msimu ukafika wa halmashauri kuamua kama fedha zitaendelea au zitapelekwa mahali pengine. Tukaambiwa Bwana Maendeleo wa wilaya atakuja kututazama tukilima. Na atafuatana na diwani wa kata. Diwani mwenyewe, mwenye miguu miwili.

Usingizi uliniruka. Asubuhi mwenzangu Bukuru, kijana wa Kihangaza kama mimi, ndiye aliyesema kile ambacho wote tulikuwa tunakifikiri. "Mama, leo lima wewe. Sisi tukiharibu, hizi fedha zinaondoka."

Mama Nkwimba aliacha kufunga kamba. Hakupaza sauti, na hapo ndipo tulipojua amekasirika.

"Wakinikuta mimi nalima, wataona nini?" akauliza. "Wataona mama wa Kisukuma analima. Hilo wameliona tangu tulipohamia huku. Fedha hizi zilikuja kwa ajili yenu. Kama jembe mnanirudishia leo, basi warudishieni na fedha zao. Mimi nitakaa pale pembeni. Hata mkianguka, sisimami."

Akaenda akakaa kwenye ukingo wa shamba, akanyoosha miguu.

Wageni walifika, na nusu ya kijiji nyuma yao. Bukuru akashika kamba mbele, mimi nikashika mashikio ya jembe. Mstari wa kwanza ukaenda vizuri, wa pili pia. Nikaanza kujiamini. Mstari wa tatu, Diwani akaona shamba la jirani, maharage machanga yamechipua, akaamua njia ni ile. Bukuru akavuta kamba, akavutwa yeye. Nikanong'ona, "Geuka, geuka wewe." Hakuna. Nikamtazama Mama Nkwimba. Hakusimama. Niliona mikono yake imekamata nyasi, lakini hakusimama.

Mwanangu, nilifumba macho nikapiga kelele: "Diwani! Toka kwenye maharage ya watu! Diwani, huna haya wewe!"

Maksai akageuka. Na diwani wa kata akainuka kitini.

Nikasikia jembe likikwaruza jiwe. Akaja taratibu, mzee mnene mwenye kofia, akasimama mbele yangu. "Nani amempa ng'ombe huyu jina?"

Nikafungua mdomo, lakini Mama Nkwimba alikuwa ameshafika. "Mimi, mheshimiwa."

"Kwa sababu gani?"

"Anapenda kutangulia, mheshimiwa. Na akisema, wote tunasikia."

Mzee yule alijizuia, akajizuia, kisha akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Kijiji kizima kikaangua kicheko. Akavua viatu, akakunja suruali, akaniomba mashikio. Mstari wake ulipinda kama mto, na mimi nikatembea kando yake nikimwelekeza: usikandamize, mheshimiwa, inua kidogo, sasa geuza. Alipofika mwisho alikuwa anahema. Akamwambia Bwana Maendeleo mbele ya watu wote, "Binti huyu amenifundisha. Nitalisema hili kwenye kikao."

Na alilisema. Fedha zikaendelea, vikundi vikaongezeka. Bukuru alinunua maksai wake mwenyewe akaoa. Mimi nilirudi Murusagamba na jembe nililonunua mwenyewe, na baadaye nami nikapewa vijana wa kulea, wasichana kwa wavulana. Wengi wao leo ni baba na mama za watu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Serikali ikikutengea fedha na mtu wa kukuongoza, usione aibu, usidhani umehesabiwa miongoni mwa walioshindikana. Nenda. Ukikabidhiwa kazi, ifanye wewe, hata ukianguka, hata watu wakicheka. Cheka nao uendelee. Nawe ukija kuwa mkubwa mwenye kugawa fedha hizo, nunua vifaa, ndiyo, lakini tafuta kwanza mtu mwenye moyo wa kumwachia kijana akosee mbele yake. Huyo ni adimu. Ukimpata, usimwachie aende.

Nenda salama. Mungu akupe mlezi mvumilivu, akupe nguvu ya mikono na wepesi wa kucheka, na wale utakaowalea wewe wakupite mbali.