Chupa ya Petroli Niliyoiweka Kando

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuomba msamaha kabla ya kuangalia.

Ndege ndogo ya watu wawili, niliyoijazia petroli asubuhi ile ile, ilikuwa imezimika injini ikishuka, ikatua kwa shida kwenye shamba la mpunga uliokwisha kuvunwa huko Ndandalo, Kyela. Nilipofika na pikipiki, rubani alikuwa mzima, kasimama kwenye mabua. Nikamwambia, "Samahani kaka, itakuwa petroli yangu."

Mimi ni fundi pikipiki, Mbugani. Sijasomea, nimejifunza kwa kufungua na kuharibu. Kwa hiyo naogopa sana kukosea. Petroli ya ndege ile nilikuwa naichuja mara tatu kwa ngozi laini, kisha naweka chupa moja kando kama sampuli. Wenzangu walinicheka: "Anaionja kama mchuzi!"

Rubani, mgeni aliyehamia kikazi, alifungua kabureta. Ndani mlikuwa na matone ya maji.

"Haya hapa, fundi. Ungeniua."

Mama mwenye shamba akadakia, "Basi pikipiki ya mwanangu asiiguse tena huyu."

Nilijua maneno hayo yangefika Mbugani kabla yangu, na kazi yangu ingeishia hapo. Nikatoa mfukoni chupa ya asubuhi ile. Petroli safi. Nikafungua koki ya chini ya tangi, ambako maji hukusanyika: ikatoka petroli tupu. Sasa maji yale yametoka wapi?

"Kaka, funga kabureta, uwashe tena. Taratibu tu."

Watu waliokusanyika wakasogea mbali. Injini ikawaka mara moja, ikanguruma polepole katika hewa nzito ya baada ya mvua. Dakika chache baadaye ikaanza kukohoa, ikazimika. Nikawahi kushika kabureta. Sote tulikuwa tunatoka jasho, lakini ile ilikuwa ya baridi kama soda ya friji. Nilipochungulia kooni mwake, niliona weupe.

"Leta mkono hapa, kaka."

Akagusa, kisha akasema, "Barafu. Petroli ikigeuka mvuke hupoza kabureta, unyevu wa hewa ukaganda; yale matone ni barafu iliyoyeyuka. Kuna kishikio cha kuingiza hewa ya moto kwenye kabureta, unakivuta kabla ya kupunguza nguvu ya injini. Sikukivuta. Nilijiambia, Kyela na joto hili, barafu itoke wapi?"

"Yesu wangu!" mama akasema. "Mimi nanunua barafu ya samaki mjini, kumbe ninyi mnaitengeneza bure!"

Rubani akawasha tena, akakivuta kile kishikio. Injini ikatema maji kidogo, kisha ikanguruma bila kukohoa. Akashuka, akasema mbele ya wote, "Petroli ya fundi haina kosa. Kosa ni langu."

"Ndaga, mwanangu," mama akanishukuru. "Kesho nakuletea ile pikipiki."

Nilirudi Mbugani nikiendesha polepole, makusudi, ili watu wanione.

Bado nachuja mara tatu na bado naweka chupa kando. Ila siku hizi naangalia kwanza, na msamaha naomba baadaye, kama upo wa kuomba.