Barua ya Vifaranga Iliyofika Nyeusi

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha pale Malaba ilipopata kompyuta yenye modemu ya faksi, niliachana na taipureta nikajiona mtu wa maana. Awali tulichapa barua, kisha tukailisha kwenye mashine ya faksi karatasi kwa karatasi. Sasa niliandika kwenye kompyuta, nikabonyeza, na programu ikaigeuza barua kuwa picha ya vidoti, vyeusi na vyeupe tu. Picha hiyo ndiyo iliyosafiri kwa waya wa simu.

Nilipenda kupamba. Barua zetu nilizitia majedwali yenye kivuli cha kijivu, kijivu laini kama manyoya ya njiwa. Mkubwa wangu alisifu, nami nikazidisha.

Asubuhi moja akaingia mama mmoja wa Amukura na maboksi ya vifaranga wa siku moja. Mnunuzi wake alikuwa Tororo, upande wa Uganda. Cheti cha daktari wa mifugo alikuwa nacho, lakini wenzetu wa ng'ambo ya mpaka hawangemruhusu apite mpaka ofisi yao ya mifugo kule Kampala ipate barua yetu yenye namba ya cheti, na ijibu. Vifaranga hawakuwa wamekula tangu waanguliwe. Akayapanga maboksi chini ya dirisha, na ofisi nzima ikajaa mlio.

Nikaandika barua, namba nikaiweka ndani ya jedwali la kijivu, nikatuma. Baada ya muda simu ikalia. Alikuwa karani wa Kampala, mwenye sauti ya upole, akaniita bwana kwa Kiganda.

"Ssebo, umenitumia usiku mtupu, karatasi nyeusi. Namba siioni."

Nikamwambia mashine yao imechoka, nikatuma tena barua ileile. Akapiga tena. Safari hii nilimjibu vibaya, nikamwuliza kama anajua kusoma. Hakukasirika, alisema tu kwamba atasubiri. Nikatuma ileile kwa mara nyingine.

Jua lilikuwa limepanda na bati letu linawaka. Mama alikuwa amechutama, akichovya kidole kwenye kikombe cha maji na kumdondoshea kifaranga mmoja mmoja mdomoni. Baadhi walikuwa wameacha kulia. Akainuka, akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Boss, hiyo unaangalia ni yako. Nionyeshe ile yeye anaona."

Sikuwa nimewahi kuifungua ile picha. Nilidhani barua na picha yake ni kitu kimoja. Nikaifungua. Kijivu changu laini kilikuwa kimegeuka vidoti vyeusi vilivyobanana kama siafu, na namba ilikuwa imezama humo, haionekani hata tarakimu moja.

Nikafuta vivuli, nikaondoa jedwali, nikakuza herufi, nikaigeuza barua upya. Tukaisoma picha pamoja, yeye akifuata namba kwa kidole, cheti kikiwa mkono wa pili. Ndipo nikatuma. Ruhusa ikaja kabla sijapata maneno ya kumwomba mama radhi.

Tulipokuwa tunatoa maboksi nje, mkubwa wangu akaingia, akauliza kwa nini mzigo wa asubuhi bado uko hapa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, mama akanitangulia.

"Simu za huku, mzee, si unazijua mwenyewe."

Nami nikaacha iwe hivyo. Aliwatenga waliokufa, akawaweka kwenye boksi lao, hakunitajia idadi. Akavuka na waliobaki.

Kazi ile niliendelea kuishika kwa miaka mingi, na watoto wangu walisoma kwa sababu yake. Namshukuru mama yule hadi leo. Tangu siku hiyo sikutuma barua kabla ya kuifungua picha yake na kuisoma mwanzo hadi mwisho.

Karani wa Kampala alinipigia tena mara moja tu, kunijulisha kwamba siku hizi barua zetu zinasomeka vizuri. Nikamwambia asante, ssebo. Lile neno jingine alilonidai, la kuomba radhi, lilifika kwenye ulimi, likarudi.