Barua ya Pili ya Chifu

Mama yangu, Filister, hufulia watu nguo wiki nzima, na Jumapili huimba sauti ya pili kanisani. Hapa mtaani kwetu Lindi hakuna anayemwita Filister. Yeye ni Mama Brandon, hata sasa, miaka mitatu tangu tumzike kaka yangu mkubwa.

Baba alipofariki Februari alituachia ploti ndogo Kawangware, nyuma ya steji ya matatu iitwayo 56, aliyouziwa na mzee Gerishon Kimotho. Hati ina jina la baba peke yake. Matanga hayajaisha, baba mdogo Phanuel akamwaga lori la mchanga pale ili ajenge. Bila karatasi za mahakama, mama hakuweza kumzuia.

"Yeye ameleta mchanga, mimi nitaleta jaji," mama akasema. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akitania.

Tulichukua cheti cha kifo, kisha tukaenda kwa chifu wa eneo letu, kule ofisini Sarang'ombe, atuandikie barua ya kuwatambulisha warithi. Chifu huyo alikuwa mgeni, hajamaliza hata mwezi.

"Pole, Mama Brandon," alisema, maana ndivyo watu kwenye foleni walivyomwita. "Marehemu ameacha watoto wangapi?"

"Watatu. Brandon, Marion, Antony."

Chifu akaandika. Nilisikia, na sikumsahihisha. Mimi si msemaji mbele ya watu, lakini siku hiyo si haya iliyonifunga mdomo. Nilitaka tuwe watatu tena, hata kama ni kwenye karatasi yenye muhuri tu.

Mahakamani, karani alisoma ile barua, akatusogezea fomu.

"Kila mtoto mkubwa asaini hapa kwamba anakubali mama asimamie mali. Kisha tangazo litatoka kwenye Gazeti la Serikali, mngoje siku thelathini. Asipojitokeza mtu wa kupinga, mama atapewa hati ya usimamizi." Akanitazama mimi, kisha mdogo wangu. "Marion ni wewe. Antony ni huyu. Brandon ako wapi?"

Mama aliitazama fomu.

"Ama ako majuu? Hiyo si shida, mama. Tutamtumia huko huko."

"Si majuu," mama akasema. "Ako Siaya. Kando ya baba yake."

Tabasamu la karani lilikwisha polepole. Aliirudisha fomu upande wake.

"Pole sana, mama. Hapa huandikwa walio hai. Rudini kwa chifu awape barua nyingine."

Tulirudi kesho yake. Chifu alinyoosha mkono aichukue barua ya kwanza airarue. Mama akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake, penye kibali cha kumzika Brandon.

"Hiyo haina kazi tena, mama."

"Najua, chifu. Si ya korti. Ni yangu."

Chifu alishika kalamu. "Haya, watoto ni wangapi?"

Mama alinigeukia. Katika maisha yangu yote hakuwa amewahi kuniomba nimsemee mahali.

"Wawili," nikasema.

Tulitoka na barua. Karibu na genge la mboga mtu aliita, "Mama Brandon! Leo unanipita bila salamu?"

Mama aligeuka upesi, kama anavyogeuka siku zote, akaitika.