Koko na Kitunga Chake

Mwanangu, haujazaliwa, na mimi niko bado ku masomo, mais iko siku moja haitoki mu kichwa yangu. Nataka uikute imeandikwa.

Ilikuwa Butembo, mu atelier, karakana ya noko Paluku, kaka ya mama yangu, mwenye kutengeneza filme za sanamu zenye kutembea. Alinipa kuchonga Koko mu mashini, ni kusema mu kompyuta. Koko ni mama yake, bibi yangu. Vita ilimukimbiza Oicha, akaacha shamba ya kakao, akatufikia na kitunga mugongoni, kamba ikikaza kipaji cha uso. Filme ilikuwa safari yake: mwishoni anatua muzigo, ananyooka. Tungeionyesha Beni, kwa batu wenye walikimbia naye.

Asubui ile noko alisema: “Kahindo, kama mpaka jioni Koko wa mashini hatembei, tunaweka bibi mwenye wamechonga tayari ku internet.” Yule bibi hakujua hata njia ya Oicha.

Nilikuwa nimechonga Koko vile nilimuona ku mulango: ameinama, mikono ku kamba, uso umefunga, vyote kipande kimoja. Wote walisifu. Noko akamutia mifupa ya mashini, yenye kutembeza sanamu, akamunyoosha. Ee Mungu! Kitunga kilivutika kama bugali, kamba ikabeba kipaji, kidole kikaondoka na shavu.

“Umechonga mutu ao mulima?” noko aliuliza.

Mimi wa haya, nilitamani kuingia chini ya meza. Nje maduka yalianza kufungwa mbio mbio, jenereta inakohoa. Koko, mwenye alikuwa anangoja kurekodi sauti, akasogea.

“Juu ya nini uso yangu inafuata kitunga?”

“Koko, nilikuchonga vile ulifika.”

“Mimi nilizaliwa na kitunga?”

Noko akacheka. Koko hapana.

“Nilicheza ku ndoa yangu mpaka viatu vikapasuka. Wewe unanijua tu na ile njia? Toa hii. Anza na mutu. Muzigo utamubebesha kisha.”

Akasimama katikati ya atelier, wima, mikono mbali na mwili, vidole vimeachana. Risasi ikalia, upande wa njia ya Beni. Mikono yake ikapanda yenyewe ku kipaji, ikitafuta kamba. Akaangalia mikono ile. Akaishusha polepole.

“Chonga,” akasema.

Nikafuta yote, nikaanza na mutu. Kitunga peke yake, kamba peke yake; mistari yenye kusuka ngozi yake nikaizungusha mabega, magoti na kinywa, ngozi ipate kukunjika bila kupasuka. Kabla jenereta izime, Koko wa mashini alitua kitunga, akanyooka. Koko wetu akafuta macho na kitenge: “Ni mimi.”

Donc mwanangu, ukichonga mutu, musimamishe kwanza. Uso utulie, usicheke wala kulia. Chenye anabeba kisishikane na mwili wake, juu atataka kukitua. Na ukikutana na mwenye kukimbia, muulize alicheza wapi kabla ya vita.

Mungu akupe mugongo wenye kunyooka, na mulango wa kutua muzigo.