Uso wa Bi Mwamvita kwenye Bango la Sabuni

Bango lilisimamishwa sokoni Tandika siku ya Jumanne, na ilipofika adhuhuri Temeke nzima ilikuwa na habari. Juu ya vyuma viwili virefu, Bi Mwamvita binti Kondo alikuwa anacheka, mikono yote miwili ameiinua, povu limempanda mpaka kwenye viwiko. Chini yake iliandikwa kwa herufi za buluu: "Belora. Mwili wako kwenye mikono salama." Wanawake waliotoka kununua dagaa walisimama wakatazama, wakashika vifua. Mmoja alisoma yale maneno hadi mwisho, akamwomba Mungu amwepushie, akageuza njia.

Maana Bi Mwamvita ni muosha maiti. Kwa miaka ishirini na sita, mwanamke wa Kiislamu akifariki Tandika, hata turubai halijafungwa, mtu ameshatumwa kwake. Asubuhi huuza vitumbua kibarazani, na hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Ile nyingine hailipwi. Alifundishwa na shangazi yake kwa masharti mawili: usiseme ulichokiona, na usipokee hata senti. Ameona makovu ambayo waume hawakuwahi kuyajua, na yote kayafungia kifuani. Wapo waliomwambia wakiwa wazima kabisa, kitumbua mkononi, kwamba siku yao ikifika wasishikwe na mtu mwingine ila yeye.

Sasa hawa watu wa kampuni ya sabuni waliingiaje humo? Waliingia kwa fomu. Ilikuwa mwaka tisini na nne, soko huria limefunguliwa, na maduka ambayo juzijuzi tulikuwa tunayapangia foleni ya sabuni moja sasa yana sabuni za kila rangi na kila harufu. Kampuni moja ya ng'ambo ilileta na yake. Wakuu wake huko huko kwao walikwishaamua kila kitu: tangazo ni lile lile kwa nchi zote, rangi zile zile, povu lile lile, ila kila mahali atafutwe mwanamke wa pale pale anayeaminiwa na wenzake. Hapo walijiona wameshazijua mila za watu.

Binti mmoja aitwaye Lulu, mwajiriwa wao, mkazi wa Mbezi Beach, akatumwa Temeke na fomu iliyotafsiriwa. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza: mwanamke gani wa hapa mnamwamini kuliko wote? Aliuliza wanawake arobaini, na thelathini na mmoja walimtaja mtu yule yule. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika kwa nini. Wanawake arobaini walikaa na yule binti, wengine wakampa na chai, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa sababu.

Bi Mwamvita mwenyewe aliambiwa picha ni ya kumbukumbu za utafiti. Wakamwekea beseni la povu, wakamwomba ainue mikono, mpiga picha akamchekesha mpaka meno yakaonekana. Akatia dole gumba kwenye karatasi ambayo hakuna aliyemsomea. Katoni ya sabuni waliyomwachia aliipeleka yote madrasa, hakubakiza hata kipande.

Sabuni yenyewe haikununuliwa. Twalib mwenye duka alirudisha katoni nne, akasema wateja wakiiona wanauliza nani kafa. Hilo Bi Mwamvita angelimeza. Lililomchoma ni maneno yaliyoanzia bombani yakasambaa mtaa mzima: kwamba ana mkataba na wazungu, kwamba kila mwili anaouosha unahesabiwa huko ofisini na yeye anachukua chake. Kumbe ndiyo maana hachoki, watu wakasema. Alivumilia wiki mbili. Ya tatu alijifunga buibui lake, akashuka mjini.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, ya baridi mpaka meno yanagongana. Meneja, mzungu mwenye tai, alifurahi kumwona. Alikuwa na swali lake, na alilitoa kupitia kwa Lulu bila haya: Temeke mauzo yamekufa, je, huyu mama ana kashfa yoyote ambayo hawakuambiwa?

Kashfa! Mwanamke asiye na doa hata moja, leo anaulizwa kashfa na waliompaka matope wenyewe. Bi Mwamvita alimwacha na swali lake. Hakumtazama meneja. Alimgeukia Lulu.

"Mwanangu, bibi yako mzaa mama yupo hai?"

"Alifariki, bibi. Mwaka themanini na tisa, Magomeni."

"Nani alimwosha?"

Lulu alimgeukia meneja kutafsiri; Bi Mwamvita akamzuia kwa mkono.

"Alimwosha mtu kama mie," akasema Bi Mwamvita. "Akamfunga pamba, akamvisha sanda, akaondoka hata maji ya kunywa hakuomba. Unajua hayo, umekulia humu humu. Huyu mzungu simlaumu sana, hajui kitu. Wewe ulikuwa unajua la kuuliza, ukakaa kimya kwa sababu halimo kwenye fomu. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze neno."

Lulu alipunguza. Alizungumza kidogo sana, sauti ya chini, macho kwenye zulia. Meneja akatikisa kichwa kwa huruma, akasema bango litashushwa na kwamba kampuni inaheshimu tamaduni zote, kisha akavuta droo kutafuta kitabu cha hundi. Bi Mwamvita alisimama akatoka kabla hajakifungua.

Bango lilishushwa Ijumaa. Mahali pake wakaweka mwanamke mwembamba wa magazetini, asiyejulikana na mtu yeyote Temeke, na sabuni ikaanza kununuliwa. Kampuni ilipona.

Mwezi uliofuata alifariki Bi Zubeda wa nyumba ya pili, shoga yake wa tangu usichana, aliyewahi kumwambia kitumbua mkononi yale waliyomwambia wengi. Kilio kilisikika tangu alfajiri, na Bi Mwamvita alikaa kibarazani, mafuta yamepoa kwenye karai, akingoja. Watu wa msiba hawakuja kumwita mpaka saa nne. Baadaye alisikia walikuwa wanabishana kama wamchukue yeye au muosha maiti wa Kurasini.

Mlangoni alipokelewa na Mwishehe, mtoto mkubwa wa marehemu, kijana mpole ambaye Bi Mwamvita alimlea kwa vitumbua. Akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akainama karibu na sikio lake.

"Bibi, samahani, siku hizi unachukua kiasi gani? Tusije tukakudhulumu."

Hakuwa na kejeli hata chembe. Aliuliza kama mtu anayetaka kutenda haki.

"Niletee maji," akasema Bi Mwamvita.

Alimwosha Zubeda yeye mwenyewe, na wasaidizi wawili, taratibu, majani ya mkunazi kwanza na kafuri mwisho. Alipotoka alikuta bahasha imewekwa juu ya ndala zake. Hakuigusa. Aliziacha ndala pale pale, akaenda kwake miguu mitupu.