Miaka Niliyofanya Kazi ya Kufuata Watu kwa Miguu

Kabla sijaingia kwa kazi yenyewe, wacha niseme habari ya fahali mmoja. Nilikuwa kijana, shule nimeiacha darasa la nne, na nilikuwa nachunga ng'ombe wa mzee mmoja Mkikuyu aliyenunua shamba karibu na Ndalu. Tulimwita Baba Njeri, maana Njeri ndiye alikuwa mtoto wake wa kwanza. Mwaka mmoja akaamua kupeleka fahali wake kwa maonyesho ya wakulima Kitale. Lori hakuwa nalo, na la kukodi lilikataa kuja kwa sababu ya matope. Akaniambia, "Wafula, wewe una miguu. Mtembeze."

Tulienda vizuri kwa njia ya vumbi. Kufika kwa lami, fahali akakataa. Aliweka kwato moja juu ya ile lami nyeusi, akaiondoa kama mtu aliyekanyaga makaa, akasimama. Magari yanapiga honi, watu wanacheka, mimi nalia. Mwishowe nikamzungusha kwa mashamba ya watu, mahindi yakakanyagwa, nikatukanwa kwa lugha tatu, na tulipofika Kitale maonyesho yalikuwa yamekwisha, watu wanang'oa mahema. Baba Njeri hakunigombeza. Alicheka mpaka akakaa chini kwa nyasi. Hadithi hiyo akaisimulia kanisani, sokoni, kila mahali. Ndiyo maana miaka mingi baadaye, hii miaka ya elfu mbili, mimi nikiwa na mvi na Njeri akiwa amesoma mpaka akawa daktari, alipotaka mtu wa kutembea alinikumbuka mimi.

Siku ya kwanza ya kazi nilipanda ngazi za jengo moja Kitale, juu ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe. Ofisi ilinuka dawa ya kupe. Daktari Njeri alikuwa ameketi nyuma ya meza, na ukutani kuna ramani ya mji. Huyu si daktari wa sindano. Ni daktari wa kuchunguza.

"Mzee Wafula," akasema, "watu wakipata mahali pa kutembea bila kufukuzwa na gari, presha yao inakuwaje? Usingizi je? Wanasalimiana zaidi ama kidogo? Hayo ndiyo tunatafuta."

"Na mimi? Sindano siwezi."

"Wewe utakuwa kivuli."

Kwetu ukiambiwa utakuwa kivuli unafikiria jeneza. Lakini akanieleza. Mtu akikubali kuchunguzwa anaitwa mshiriki, na kukubali kwake kunaitwa idhini, anaweka sahihi ama kidole gumba. Anavalishwa kiunoni kihesabu-hatua, kidude kidogo kama kiberiti, kinachojua umenyanyua mguu mara ngapi. Basi kivuli ni yule anayemfuata nyuma kwa mwendo uleule, anaweka alama kwa karatasi: duara pale aliposimama, msalaba pale aliposhtuliwa na gari. Hauongei naye. Haumsaidii hata mzigo. Ukimsaidia umeharibu, kwa sababu sasa unachunguza msaada wako mwenyewe.

Mtu kama mimi aliyelelewa kusalimia hata jiwe, kufuata mama wa watu nimenyamaza kama mwizi! Vijana wa stendi waliniona. "Niaje mzee, unafuata nani?" Nikawaonyesha kitambulisho cha kazi, hawakukiamini. Ati mimi ni askari kanzu. Mwingine ati mchawi. Mama mmoja muuza nyanya akanipigia kelele mbele ya watu: "Wewe mzee, si uoe huyo mama badala ya kumtembelea nyuma? Ama mahari ndiyo imekushinda?" Soko lote likacheka. Nilicheka pia, lakini jasho lilikuwa limefika kwa soksi.

Kule Kitale kulikuwa na barabara moja nyuma ya soko iliyofungwa magari kwa majaribio. Waliweka mapipa yamejazwa udongo pande zote mbili. Wenye maduka walinung'unika, ati mizigo itashukia wapi. Sasa sikiza jambo lililonishangaza. Magari yamekwisha kuondolewa, lakini watu bado walitembea wamebanana kando, bega kwa ukuta, wanageuza shingo kuangalia nyuma. Katikati hakuna mtu. Nilikuwa naweka misalaba tu.

"Mzee, hapa alishtuka na nini?" Daktari akaniuliza.

"Na hakuna kitu, Daktari."

Akanirudishia karatasi. "Andika hivyohivyo. Hofu haitoki siku moja na gari."

Ilitoka polepole. Siku moja niliona wamama watatu wanatembea sambamba katikati, wanabishana juu ya bei ya maharagwe, na hakuna aliyegeuza shingo. Wazee wakaanza kutoa viti nje. Sista, yule muuguzi wetu aliyekuwa anazunguka kupima presha, alisema za wengine zimeshuka, za wengine bado. Daktari alitukataza kusema lolote mpaka mwisho. Nilikuwa nimeanza kuipenda kazi, ingawa usiniulize kama niliacha kuogopa. Mimi ni mtu wa kuogopa. Nikikosa cha kuogopa naogopa hiyo nafasi.

Halafu nikapewa uhamisho kwenda Bungoma. Huko kulikuwa na ile wanaita barabara ya kulinganisha, yaani ile ambayo magari hayajaondolewa, ili upime hii na ile. Ilikuwa upande wa Kanduyi, barabara ya malori na matrekta ya miwa. Mimi nilifurahi, maana ni karibu na nyumbani, na mke wangu Nanjala, mama wa binti yetu Nekesa, amezaliwa hapohapo. Bosi wangu huko tulimwita Supavaisa. Alikuwa kijana kutoka mbali, viatu vinang'aa hata siku ya matope, mtu mzuri lakini wa haraka. Kandokando ya barabara walikuwa wametengeneza njia ya miguu ya saruji: huku ukuta wa ghala, huku uzio wa vyuma unaofika kiunoni, ili trekta lisipande juu ya watu. Njia nyembamba. Wawili wakikutana, mmoja anajipinda.

Washiriki hawakuitwa majina. Kila mmoja alikuwa nambari, ili siri yake isitoke. Nikapewa mshiriki wa saba, nikaonyeshwa lango la uchochoroni ambalo sikulijua. Nikangoja. Lango likafunguka, akatoka mama mzee na mkoba mkononi. Nikamwangalia miguu kwanza, kama ilivyo kazi. Miguu hiyo naijua. Nikainua macho. Ni mama mkwe wangu, mama yake Nanjala.

Vijana wa siku hizi mtacheka. Kwetu Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hamsalimiani kwa mkono, hamkai chumba kimoja, na mkikutana njiani mmoja anatoka njia, anaingia kwa majani mpaka mwingine apite. Si chuki. Ni heshima, na ni nzito kuliko mnavyofikiria. Tulikuwa Wakristo wote wawili, kanisa moja, lakini yeye anakaa upande ule na mimi upande huu, na tukitoka natoka wa mwisho. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kumwangalia usoni nikahesabu macho.

Aliponiona alivuta leso akajifunika kichwa, akarudi ndani, lango likafungwa. Mimi nilikuwa tayari nimeingia kwa majani ya ng'ombe ya jirani, nimeinama.

Nikaenda kwa Supavaisa. "Huyo wa saba nibadilishie."

"Kwa nini?"

"Ni mama wa mke wangu."

"Vizuri! Basi hatakuogopa."

Nikamweleza. Alisikiliza akiangalia saa. Akaniambia kivuli mmoja anaugua malaria, mwingine yuko kituo cha kuhesabu magari, na mshiriki akikosa kufuatwa anapotea kwa hesabu. "Mzee wangu, sayansi haina mkwe," akasema, na hakusema kwa ubaya.

Nyumbani nilimwambia Nanjala. Aliacha kusonga ugali, mwiko ukabaki juu.

"Baba Nekesa! Wewe ufuate mama yangu nyuma? Nyuma yake, unaangalia anavyotembea?"

"Ni kazi."

"Kazi gani hiyo bana? Si uende ukalime!"

Halafu akakaa chini, akaniambia kitu ambacho sikuwa najua. Mama yake alikubali kuwekwa kwa huo uchunguzi kwa sababu Sista alimkuta na presha ya juu sana, akamwambia atembee kila siku, na dawa achukue kliniki ng'ambo ya ghala. Njia ni ileile moja. "Akikaa ndani ataanguka," Nanjala akasema. "Shangazi alianguka hivyohivyo, akaamka hawezi kusema."

Kutoka siku hiyo sikulala vizuri. Nilijaribu kumfuata kutoka ng'ambo ya barabara, kofia imefunika macho. Malori yalikuwa yananifichia njia, na Supavaisa akasema kivuli hakikai ng'ambo. Nikajaribu kukaa mbali sana nyuma. Mama alihisi. Aliingia duka la sukari akasimama humo mpaka mwenye duka akamwuliza kama anataka kununua duka. Kihesabu-hatua chake kikaanza kuonyesha hatua kidogo kila wiki. Sista akaja kumpima, akatoka akitikisa kichwa: presha imepanda. Akanipima na mimi kwa mzaha, mzaha ukaisha. "Mzee," akasema, "hata wewe tukuweke nambari."

Nikampigia Daktari Njeri kwa simu ya jamii, ile ya kulipia kibandani. Akasema, "Mzee Wafula, nyanya yangu mzaa mama alikuwa hivyohivyo. Baba yangu alikuwa anapita nyuma ya zizi akimwona. Usimfuate tena. Nitakuja Ijumaa tupange upya." Nikashukuru mpaka nikasahau kukata simu. Lakini ilikuwa Jumanne, na Supavaisa simu yake haikushika siku hiyo, Daktari hakumpata. Na Nanjala akaniambia dawa za mama zimekwisha tangu Jumapili, na hataki kutoka kwa sababu yangu.

Siku hizi watu huniuliza, mzee, mbona ulifanya kazi miaka yote hiyo na huna hata karatasi ya kustaafu? Nami hukaa nikifikiria. Kazi ile ilikuwa nzuri. Mimi nimeona kwa macho yangu mtu akipunguziwa magari anavyonyooka mgongo, anavyocheka na jirani, na ningependa wajukuu wangu wapate mji kama ile barabara ya Kitale. Nyinyi mtakaojenga, msiache. Lakini kuogopa gari ni kitu kimoja tu. Mtu anatembea pia na watu wake kichwani: anayemdai, aliyekosana naye, mkwe wake. Anahitaji mahali pa kukwepa. Uzio ule uliwekwa na watu wenye nia safi kabisa, na bado ukiuona leo mwili wangu unasisimka.

Jumatano asubuhi Supavaisa alikuja kunichukua mwenyewe. Nilimwambia Daktari amesema tungoje Ijumaa. Akasema yeye hajaambiwa, leo tutaenda pamoja, atamweleza mama vizuri, mambo yataisha. Tukaingia ile njia ya miguu, mimi mbele yeye nyuma, tukielekea kwa mama. Nilikuwa naomba Mungu tumkute bado amelala.

Kumbe mama alikuwa ameamka mapema kunihepa, amekwenda kliniki, amechukua dawa, sasa anarudi. Tulikutana katikati ya ghala. Ukuta huku, vyuma huku. Alisimama. Nikaona mfuko wa dawa mkononi mwake. Nikaona leso ikivutwa kichwani. Halafu nikaona anashika chuma cha juu, mama wa umri ule, anainua mguu kuuvusha upande wa barabara, ili mimi nipite. Nyuma yake trekta la miwa lilikuwa linakuja na matela mawili, linayumba.

"Mzee, endelea," Supavaisa akasema nyuma yangu. "Mpite tu."

Nikienda mbele, anavuka. Nikisimama, anavuka. Niligeuka. Supavaisa alikuwa ameziba njia na folda yake kifuani, nikamsukuma kwa ukuta, nikapita, nikaanza kutembea. "Mzee! Unaenda wapi? Mzee!" Sikumjibu, na sikugeuza shingo, maana kugeuka ni kumwangalia. Nilitembea haraka, masikio yote yako nyuma. Trekta likapita kwa kishindo, vyuma vikatetemeka. Baadaye, kwa mbali, nikasikia ndala zake zikipiga saruji, polepole, zikija juu ya njia.

Nikapita ofisi, mlango ulikuwa wazi. Nikaendelea mpaka nyumbani, na kwa kazi hiyo sikurudi tena.