Mzee wa Kanisa Aliyetumwa Kukagua Sarakasi

Jumamosi iliyopita nilikuwa Iyula, ndani ya ghala la kahawa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili watu wa gari la sinema watuonyeshe picha mchana. Ilikuwa picha ya watu wa sarakasi, ambao kila wanachotaka kusema wanakiimba.

Mbele yangu alikaa mzee wa kanisa na mkewe. Wazee wenzake walikuwa wamemtuma aitazame kwanza, ndipo waamue kama vijana wa kwaya waruhusiwe kuiona itakaporudiwa Jumatatu. Alikaa wima, uso ameukaza.

Binti mmoja wa sarakasi akapanda bembea ya juu kabisa huku akiimba. Mkewe mzee akainuka.

"Mwanangu, shuka! Utaanguka!"

"Kaa, Mama," mumewe akamvuta khanga. "Yuko kazini huyo."

Lakini binti alipoiachia bembea, mzee mwenyewe alifumba macho, akainua mikono yote miwili na kuomba kwa sauti, "Ee Bwana, mshike!"

Mwenzake binti akamdaka upande wa pili. Ghala zima tukapiga makofi, na mzee akapiga kutushinda wote.

Picha ilipokwisha, mkewe akamuuliza, "Sasa Baba, wenzako utawaambia nini?"

Mzee akajifuta macho. "Nitawaambia vijana waje. Na mimi nitakuja nao, maana pale penye hatari sikuona kitu."

Wakaguzi nimewaona wengi wilayani Mbozi. Huyu ndiye wa kwanza kumwombea yule anayemkagua.